Umri kwa Mujibu wa Gego

Jina alilopewa na wazazi wake, watu wengi walikwisha kulisahau. Mtaani, sokoni, hata kwenye foleni ya bomba la maji aliitwa Gego, na wenye adabu waliongeza Daktari mbele yake, ingawa udaktari hakuusomea. Alikuwa tabibu wa meno. Tofauti ya tabibu na daktari aliijua yeye na ofisi iliyomlipa mshahara. Mtu aliyekesha na jino hana haja nayo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa korido ya zahanati, ubavuni mwa stoo. Kiti cha wagonjwa kilikuwa na pedeli iliyokufa siku nyingi, kwa hiyo mgonjwa hakuweza kuinuliwa wala kuteremshwa, na Gego ndiye aliyeinama. Kuinama huko kulimpa kibiongo kidogo na maneno mengi. "Fungua mdomo kama unamsuta wifi yako," aliwaambia wanawake, nao wakacheka, na wakicheka tu koleo limekwisha kuingia. Watoto aliwaambia jino lao limeomba ruhusa ya kwenda kutembea. Hakuwa na makuu, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Laiti angeachwa na meno ya watu yanayouma, angestaafu akiwa mtu mwenye furaha.

Kilichomponza ni mahakama, ambayo ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la zahanati.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Watu wengi wa eneo lile walizaliwa nyumbani, na cheti cha kuzaliwa hawakuwahi kukiona hata kwa jirani. Mmoja wao akishtakiwa, polisi huandika umri kwa kumtazama tu: ana ndevu, basi ishirini. Mwenyewe akifika kizimbani anasema ana kumi na sita. Sasa sheria ina milango miwili, na kati yake hakuna dirisha. Aliye chini ya miaka kumi na nane huenda mahakama ya watoto, akakaa na afisa wa ustawi, na mara nyingi akarudi kwao. Aliyetimiza kumi na nane huenda gerezani pamoja na watu wazima, na huko yaliyomo yamo. Mtu fulani lazima aseme huyu apite mlango upi. Hospitali yenye mashine za kupiga picha mifupa ilikuwa mbali, na gari la polisi halikuwa na mafuta. Hakimu aliyekuwapo zamani zile akamuuliza karani wake, "Hivi hapa karibu hakuna mtu anayejua meno?" Karani akanyoosha kidole dirishani.

Gego siku ile alikwenda na kanuni moja tu kichwani. Aliipata chuoni kwa mwalimu wake, mzee mmoja mcheshi, aliyeitoa huku ananawa mikono: "Gego la mwisho likishatoka, huyo ni mtu mzima. Halijatoka, bado mtoto." Haijulikani kama mzee yule alikuwa anafundisha au anatania. Hakurudia tena, na kitabuni haikuwamo.

Ndani ya mahakama ile hakimu aliandika kila kitu kwa mkono wake mwenyewe. Shahidi aliambiwa mara tu akishaapa: "Fuata kalamu yangu." Maana yake, sema pole pole, ukiona kalamu inakwenda endelea, ikisimama nawe simama. Kwa wageni lilikuwa jambo la adabu tu. Wenyeji wa pale walijua kuna jambo kubwa zaidi: ambalo kalamu haikuliandika, halikusemwa. Gego aliapa, akaanza. "Mheshimiwa, kwa kawaida, mara nyingi, takriban..." Kalamu haikutikisika. Akaongeza na "huenda" juu yake. Hakimu akamtazama kwa upole na kusema, "Tabibu, takriban siwezi kuiandika. Taja umri."

"Kumi na nane, Mheshimiwa. Na zaidi."

Kalamu ikaenda mbio. Mara ya pili alipoitwa, zile "huenda" na "takriban" aliziacha zahanati, na mara ya tatu hata hakukumbuka kwamba zilikuwapo. Mtu huzoea. Zaidi ya kuzoea, alianza kulikuta neno lake mwenyewe njiani likiwa limevaa joho. Mwendesha mashtaka alisimama akasema, "Kama mahakama hii tukufu ilivyokwisha kuamua, gego la mwisho ni uthibitisho wa utu uzima," na Gego akiwa kwenye benchi akageuka kushoto na kulia kumtafuta huyo bingwa aliyeligundua hilo. Alikuwa ni yeye! Heshima ilimpanda kidogo, tusifiche. Alinunua koti la kwendea mahakamani. Mkewe, fundi cherehani ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, alimtazama akijifunga vifungo mbele ya kioo akasema, "Tarehe ya ndoa yetu hujui, umri wa watoto wa watu unaujua. Nenda, baba, kawahesabie."

Ndipo akaja Mtafiti.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya chini na shanga moja shingoni, ametoka chuo kikuu na barua ya ruhusa. Alikaa benchi la nyuma la mahakama asubuhi mpaka jioni, akiandika. Karani alimweleza Gego kwamba huyo mama anachunguza tabia zao. "Kama nyani?" Gego akauliza. "Kama nyani," karani akajibu, "ila sisi tumevaa tai." Mtafiti alipoambiwa mzaha ule alicheka hadi akashika mbavu, na tangu hapo yeye na Gego wakapatana. Alimweleza kazi yake kwa maneno mepesi. Wenzake, alisema, huenda kukaa na watu wakajifunza jinsi wanavyojua mvua inakuja, jinsi wanavyojua nani ni ndugu na nani si ndugu. Yeye ameamua kukaa na mahakama, ajifunze mahakama nayo inajuaje inachokijua. Inajuaje kwamba mtu ni mwongo? Inajuaje kwamba ana wazimu, kwamba ni mtoto?

Akaomba kukaa zahanati pia, akapewa kigoda karibu na sinki. Siku hizo za mwanzo alitazama tu. Baadaye akauliza swali lake, na swali lenyewe lilikuwa moja: "Unajuaje?" Gego alilipokea kwa utani. Kesho yake likaja tena, "Lakini unajuaje?" akalipokea kwa hasira kidogo. Lilipokuja mara nyingine, chumba kilikuwa kitupu, mvua inanyesha, hakuna mgonjwa. Akajikuta anamsimulia habari za mwalimu wake na kanuni aliyoitoa huku ananawa mikono.

"Kusema kweli, dada yangu, sijui," alimalizia. "Gego hutoka linapotaka. Wengine linatoka mapema, wengine wanazikwa halijatoka." Mara akashtuka kuona kalamu ya mwenzake inakwenda. "Hilo usiliandike!"

"Naliandika, ila wewe hutakuwamo," Mtafiti akamwambia. "Jina nabadilisha, mji nabadilisha, hata meno naweza kuyageuza yakawa kitu kingine. Hata mahakama ikiniuliza, sitakutaja. Hiyo ni ahadi, na ndiyo kazi yangu ilivyo."

Gego alishusha pumzi. Siku ile aliona ahadi hiyo ni mwavuli.

Haukupita muda mrefu likaletwa shauri la binti mmoja mfanyakazi wa ndani. Nyumba ya tajiri wake ilikuwa imeungua sebule na vyumba viwili. Hakufa mtu. Tajiri alisema binti amechoma makusudi kwa sababu alinyimwa ruhusa ya kwenda kwao. Binti alisema alikuwa anapiga pasi, umeme ukakatika, akatumwa dukani, na umeme ukarudi yeye akiwa hayupo. Polisi waliandika ana miaka ishirini. Kuchoma nyumba makusudi kwa mtu mzima ni kifungo kirefu kisichochekesha.

Mama yake alisafiri kutoka mbali, akaja kusimama kizimbani na kitenge chake kilichofuliwa kikapauka. Hakuwa na wasiwasi wowote. "Huyu nilimzaa mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji," alisema. "Wiki tuliyomzika baba yake. Nilitoka matangani nikaingia uzazini. Ana kumi na sita." Kila mtu mwenye umri wake mle ndani aliukumbuka mwaka wa daraja. Hata hakimu wa sasa, mwanamke mtulivu ambaye si mtu wa kuonea, aliitikia kwa kichwa taratibu.

Mwendesha mashtaka akainuka. "Mama, una watoto wangapi?"

"Wanne, mwanangu."

"Uthibitisho gani kwamba uliyemzaa wiki hiyo ni huyu, si mwenzake?"

"Uthibitisho?" Mama alimtazama kama anayemhurumia. "Ni mimi niliyemzaa."

Hakimu alimwambia kwa upole kwamba mahakama inamheshimu, lakini yeye ni mzazi, ana maslahi katika jambo hili, na mtu mwenye maslahi neno lake hupimwa. Kisha akaamuru meno ya binti yakaguliwe. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mle ndani kuujua huko ndiko kulikomharibia ushahidi. Gego hakuzaa, hakuzika, hakuwa na maslahi. Kwa hiyo yeye ndiye aliyesubiriwa.

Binti aliletwa zahanati na askari wa kike aliyekuwa anatafuna karanga. Alikuwa mwembamba, kiwiko kina alama ya moto. Gego aliinama. Taya la juu, nyuma kabisa, hapakuwa na kitu. La chini, kulia na kushoto, magego mawili ya mwisho yalikuwa yametoka, meupe, mapya, hayajasaga chakula bado.

"Umeona ngapi, baba?" binti aliuliza alipofunga mdomo.

"Nimeona meno, mwanangu."

"Wenzangu rumande wanasema wewe ukishasema, basi imekwisha." Alisema bila lawama, kama anayeulizia basi linaondoka saa ngapi. "Mama ameshawaambia. Mama hasahau."

Askari akapangusa maganda mapajani, wakaondoka. Gego alinawa mikono mara mbili, na kumbe mara ya kwanza tu ilikuwa safi.

Jioni ile nyumbani, kitinda mimba wake alikataa chakula. Alikuwa anashika shavu, ananung'unika. Watoto wa fundi seremala hukalia viti vibovu, na watoto wa Gego hawakuwa tofauti. Alikuwa hajamwangalia mdomo binti yake huyu tangu alipokuwa anabadilisha meno ya utoto. Akamvuta chini ya taa ya jikoni. "Fungua." Akaegemeza kichwa cha mwanawe mkononi, akatazama, akabaki palepale.

"Vipi?" mkewe aliuliza kutoka kwenye cherehani. "Mbona umeganda? Limeoza?"

"Halijaoza. Gego la mwisho limetoka."

"Si ndilo hilo lenu la watu wazima?" Mke akacheka. "Basi tumwoze, tena mahari ni ya kwangu, maana—" Hakumaliza. Mguu wake ulikuwa umeachia mashine. Mtoto wao alikuwa na miaka kumi na sita, na kwa hilo hakuhitajika mtaalamu. Gego mwenyewe ndiye aliyesukuma teksi iliyozimika njiani wakati mkewe anashikwa na uchungu, na cheti cha kuzaliwa kilikuwa kabatini kimelazwa chini ya shuka za wageni. Mke alimwangalia mumewe usoni, akauliza pole pole, "Ni wangapi, baba watoto? Wangapi umewapeleka kule?"

Gego aliachia kichwa cha mwanawe. Hofu aliyoisikia hakuwahi kuisikia hata siku alipong'oa jino likavunjikia ndani. Alijua sasa. Siku zote alikuwa hajui akajifanya hajui kwamba hajui, na hiyo ilikuwa raha yake. Sasa raha hiyo imekwisha, tena imekwishia kinywani mwa mwanawe mwenyewe.

Asubuhi ya ushahidi alimkuta Mtafiti kwenye ngazi za mahakama, akamvuta pembeni karibu na tangi la maji.

"Dada, leo simama wewe. Waambie nilichokwambia. Kwamba gego halijui miaka."

Mtafiti alikunja uso. "Siwezi. Nilikuahidi."

"Mwenye ahadi ni mimi, nimekuachia."

"Si yako peke yako, kaka. Karani amezungumza nami kwa ahadi hiyo. Askari vilevile, na wafungwa. Leo nikisimama kusema siri ya mmoja, kesho wote watajua mimi ni mtu wa kusimama. Halafu wataniuliza, wewe umesomea meno? Mimi nikisema ni umbea. Ukisema wewe ni ushahidi."

"Kwa hiyo kazi yako ni kutuangalia tunavyozama, ukaandika jinsi tulivyopiga mikono?"

Lilimwingia. Macho yalimlegea, akatazama viatu vyake vya chini, lakini hakubadili neno. Gego aliona kwamba ule mwavuli umegeuka kuwa paa la selo. Aliyempa ahadi alikuwa mwaminifu, na hilo ndilo lililomnyima pa kutokea.

Akaingia. Akaapa. Akasikia, "Fuata kalamu yangu."

"Mheshimiwa," alianza, "nilimkagua binti. Ila ningependa kuieleza mahakama kwamba meno hutofautiana kati ya mtu na mtu. Mmoja hutangulia, mwingine huchelewa. Mtu akiwa na meno kama haya anaweza kuwa na kumi na tano, anaweza kuwa na ishirini na mbili." Alisema polepole, alisema vizuri, kila neno alilipanga njiani. Kalamu ilikuwa imelala juu ya karatasi. Akaendelea kidogo, akasema habari za chakula, za ukubwa wa taya, za ukoo. Kalamu ikabaki imelala. Kule nyuma, kwenye benchi la mwisho, kalamu ya Mtafiti ilikuwa inakimbia, haibakizi hata kikohozi chake, na haikuwa na faida kwa mtu yeyote mle ndani.

"Tabibu," hakimu alisema, bila ukali, "nakusikia. Lakini sheria inaniuliza mimi umri, nami nakuuliza wewe. Nikiandika kumi na tano mpaka ishirini na mbili, nimpeleke wapi? Taja umri."

Gego alimwona binti, alimwona mama yake aliyekaa ameegemeza mikono magotini, mtulivu, anayengoja mtu aliyesoma aje aseme lile ambalo yeye amekwisha kulisema. Akaona kama hawataki ukweli, basi atawapa namba, ila namba atachagua yeye.

"Kumi na saba."

Kalamu ikainuka! Aliisikia inakwaruza karatasi na moyo wake ukaanza kutua.

"Mheshimiwa, kabla hujamaliza kuandika." Mwendesha mashtaka alikuwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Jino lake la mbele lilitibiwa na Gego huyu huyu, na walisalimiana kila siku. "Tabibu, gego la mwisho limetoka au halijatoka?"

"Limetoka."

Kalamu ikasimama.

"Katika shauri la kijana wa gereji, hukumu ninayo hapa, ulisema gego la mwisho likishatoka huyo ni mtu mzima. Mahakama ikakuamini. Yule kijana yuko gerezani mpaka leo. Wapo na wengine waliohukumiwa kwa neno lako hilo hilo." Aliweka karatasi mezani, taratibu. "Sasa tusaidie tu tuelewe. Ulikosea lini? Siku ile, au leo?"

Hakimu alivua miwani. "Lijibu, tabibu. Na ujibu ukijua kwamba uliapa siku zote hizo. Kama uliyosema zamani hayakuwa kweli, nitaandika hivyo, na wenye kuchukua hatua watachukua."

Njia zilikuwa mbili, na zote ziliishia kwenye ukuta. Akisema alikosea siku ile, yule kijana na wenzake walikula miaka yao gerezani kwa mzaha wa mzee anayenawa mikono, na Gego mwenyewe atatoka mle na pingu, na cherehani moja haitalisha nyumba. Pengine wale wa kule wangefunguliwa. Hilo nalo aliliona, tusimwonee. Aliliona wazi kabisa, akaona na nyuso zao siku watakapotoka. Na akisema amekosea leo, binti anakwenda. Alitafuta neno la tatu. Aliikumbuka ile "takriban" yake ya zamani, akaitamani, lakini kalamu ilikuwa inamngoja, na kalamu haikuijua. Mtu ambaye kazi yake ni kuwafungulia wengine midomo, wa kwake haukufunguka.

Ulipofunguka, ulisema, "Leo, Mheshimiwa. Nimekosea leo. Kumi na nane na zaidi."

Kalamu ikaenda mbio mpaka mwisho wa mstari, ikaweka nukta.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Hakimu alisema mahakama, baada ya kusikiliza ushahidi wa kitaalamu, imeridhika kwamba mshtakiwa ni mtu mzima, na shauri lake litasikilizwa kama la watu wazima. Binti hakulia. Aligeuka tu kumtazama mama yake, kwa mshangao, macho yakimuuliza kwa nini alimdanganya siku zote hizo. Askari wa kike akamgusa begani wakashuka.

Gego alipitia mlango wa nyuma, wa wafagizi, ili asionane na mtu. Lakini mama wa binti alikuwa amekaa hapo hapo kwenye ngazi za nyuma, maana alipofika aliingizwa kwa mlango huo na mwingine hakuujua. Alimwona akanyanyuka, akashika ncha za kitenge chake. Gego alijiweka tayari. Angetukanwa, angepokea. Angepigwa, asingekinga uso. Moyoni aliomba iwe hivyo.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama."

"Pole na kazi." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeshikwa na aibu. "Nilikuwa nimekaa hapa nahesabu tena. Mimi sikusoma, daktari. Na wiki ile nilikuwa na msiba, na msiba humchanganya mtu. Labda nilichanganya. Wewe umeona kwa macho yako, mimi nasema ya kichwani tu. Unisamehe kwa kuwasumbua."

Gego alitaka kusema. Mungu ni shahidi kwamba alitaka. Maneno yalifika mpaka kwenye meno yake mwenyewe yakasimama hapo, kwa sababu mwendesha mashtaka alikuwa anapita nyuma yao na faili kwapani, akampungia mkono kwa urafiki, na akasimama kuwasha simu yake hatua chache tu kutoka walipo.

"Kuna mdogo wake nyumbani," mama aliendelea. "Nilikuwa nasema ana kumi na mbili. Sasa hata yeye simjui. Nikipata nauli nitamleta, daktari, naomba umtazame na yeye. Ili nijue wanangu wana miaka mingapi."

Alikuwa amemwinulia uso, anangoja.

"Mlete, mama," Gego alisema. "Nitamtazama."